Choo cha paka kinachojisafisha: namna ya kukichagua kama paka wako anakula chakula kikavu

Kabla hujaangalia mashine hata moja, tafuta mizani ya jikoni na mifuko michache ya plastiki. Kwa siku saba, kila unapochota mchanga wa paka wako, tia donge la mkojo mfukoni, lipime, andika. Hesabu madonge ya siku nzima. Hesabu na vinyesi, ukiandika kila kimoja kikoje: mpira mkavu unaobiringika, gogo laini linaloacha alama, au vipande vipande. Najua haipendezi. Lakini anayenunua choo cha kujisafisha bila kujua kinachotoka kwa paka wake ananunua kiatu bila kupima mguu. Mimi cha kwanza nilikinunua hivyo, na nitaeleza kilichonipata.

Nasisitiza chakula kikavu, yaani zile punje za mfukoni, kwa sababu chakula ndicho kinachoamua mashine itakutana na nini. Duka litakuuliza una paka wangapi. Halitakuuliza wanakula nini.

Punje hufanya nini tumboni

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa nchi kame. Kiu yake ni ndogo. Maji mengi aliyapata ndani ya windo lenyewe, na figo zake ni hodari wa kukamua kila tone kabla mkojo haujatoka. Punje zina maji asilimia 6 hadi 10 tu. Chakula cha kopo kina asilimia 75 hadi 80. Piga hesabu: paka wa kilo 4 anahitaji mililita 200 hivi za maji kwa siku. Akila gramu 60 za punje amepata humo mililita 5 hivi. Akila gramu 250 za chakula cha kopo, amekaribia kuyamaliza mahitaji yake kabla hajagusa bakuli la maji. Anayekula punje hunywa zaidi, ni kweli, ila kwa kawaida hafidii pengo lote. Mkojo wake hutoka kidogo na mzito.

Kwa mwenye kuchagua mashine, hapo yanafuata mambo matatu. La kwanza, madonge ni madogo, magumu, yenye kunata chini, na harufu yake ni kali: bakteria huivunja urea ya mkojo kuwa amonia, na mkojo mzito una urea nyingi katika tone. La pili, punje huwa na wanga mwingi kuliko vyakula vingi vya kopo, kwa hiyo kinyesi mara nyingi ni kingi na kikavu. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa kinyesi kikavu hakichafui mashine. La tatu ndilo zito kuliko yote. Mkojo mzito ni mahali pazuri pa fuwele kujijenga, na mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba. Ukiziba kabisa, paka anaweza kufa ndani ya siku chache, na mwenye nyumba akadhani ana tumbo la kufunga choo.

Anayechota kwa mkono huona mambo haya bila hata kujua kwamba anaona. Siku madonge yakiwa madogo kama kunde badala ya kama limau, mkono unahisi. Mashine inauondoa mkono huo. Taka inaingia kwenye droo, droo inafungwa, na wewe unapata sakafu safi na upofu kidogo. Ndiyo maana swali ninalouliza kwa kila mashine ni hili: baada ya kuinunua, nitajuaje paka wangu amekojoa?

Hatua ya 1: Chagua aina ya mashine kabla ya jina lake

Aina kubwa ni nne. Tuanze na iliyonitesa.

*Ya reki.* Ni sinia la mchanga lenye kitana kinachopita kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kusukumia madonge kwenye kisanduku. Ukiiona dukani inavutia, haina mambo mengi. Paka wangu Fundi, dume aliyehasiwa, kilo 5 na ushei, hukojoa kona ileile ya kushoto kila siku, akiwa ameegemeza makalio kwenye ukuta wa sinia. Mkojo ule mzito ulipita chini ya mchanga ukagusa plastiki, ukashika kama saruji. Reki ikafika pale, ikanguruma, ikarudi nyuma, ikajaribu tena. Ikaendelea hivyo usiku mzima huku nikisikiliza kitandani. Asubuhi nikakuta imevunja donge vipande, nusu imeyapeleka, nusu imeyatandaza kwenye mchanga safi. Kilichobaki kona nilikibandua kwa kisu cha kupakia siagi, nikakitupa kisu chenyewe. Kosa halikuwa la mashine peke yake: ningekuwa nimepima madonge na kuona anakojolea wapi, nisingeinunua. Kama paka wako hukojoa katikati na unaweza kujaza mchanga wa kina cha sentimita 7, reki inaweza kukufaa. Kama ni paka wa kona, achana nayo.

Zipo reki zinazotumia vipande vya silika badala ya mchanga unaoshikana. Silika hunyonya mkojo bila kufanya donge, na reki huokota kinyesi tu. Kwa mkojo mchache wa paka wa punje sinia hudumu, na vinyesi vikavu huokotwa vizuri mno. Lakini mkojo hauonekani tena; unaona vipande vikigeuka manjano, basi. Kwa paka jike mzima asiye na historia ya matatizo, sina neno. Kwa dume aliyewahi kutibiwa mkojo, singeiweka nyumbani.

*Ya pipa.* Paka huingia kwenye tufe au pipa, akitoka pipa huzunguka polepole, mchanga safi hupita kwenye chujio, madonge huangukia droo iliyo chini. Litter-Robot ndilo jina lililoifanya aina hii ijulikane. Hapa donge gumu ni faida, maana halivunjiki likianguka, na vinyesi vya mviringo hubiringika vyenyewe. Angalia ngozi ya ndani ya pipa: iwe laini, inayojikunja kidogo, ili donge lililonata lijibandue pipa linapogeuka. Pipa la plastiki ngumu tupu litakurudisha kwenye kisu cha siagi. Kwa paka wengi wa punje, aina hii ndiyo ningeanza nayo.

*Ya sinia linaloinama.* Ni ndugu mpya wa pipa: juu iko wazi, sinia hujipindua na kuchuja. Paka wakubwa na wanaoogopa mapango huikubali upesi. Harufu huizuia kidogo kuliko pipa.

*Ya kuosha kwa maji.* CatGenie ni mfano wake. Ina chembe za kuoshwa zisizotupwa, bomba la maji, njia ya kutolea uchafu na hewa moto ya kukaushia. Haina taka ya kubeba, wala haina cha kutazama: kila kitu kimekwenda na maji. Kwa sababu niliyoitaja juu, kwangu hapana.

Hatua ya 2: Chunguza mlango kama fundi, si kama mteja

Usalama usiuamini kwenye maelezo ya boksi. Tazama ukingo wa tundu analoingilia paka wakati pipa linazunguka. Je, ukingo wa ndani unapita karibu na ukingo wa nje usiosogea? Kama ndiyo, hapo pana mkasi. Shingo ya paka aliyechungulia wakati usiofaa inaweza kubanwa, na paka wamekwisha kufa hivyo katika mashine za bei ya chini zenye umbo hilo. Mashine nzuri ama tundu lake halipishani na kitu chochote, ama ina vihisi vya aina mbili au zaidi: vya uzito, vya mwanga, na cha kugundua kwamba mota imekutana na kizuizi.

Pima mwenyewe siku ya kwanza, kabla paka hajakaribia. Viringisha taulo liwe nene kama mkono wako, anzisha mzunguko, liingize mlangoni. Mashine isimame papo hapo na irudi nyuma. Kisha weka ndani chupa ya maji ya lita moja na nusu, ujaribu kuanzisha mzunguko. Isianze. Punguza maji hadi lita moja, jaribu tena. Mashine nyingi za kupima uzito hazimtambui mnyama aliye chini ya kilo moja na nusu hivi, na hapo ndipo watoto wa paka wanapoingia kwenye hatari. Ukiwa na kitoto, mashine ibaki kwenye hali ya kubonyeza kwa mkono mpaka afikishe uzito uliotajwa kwenye kitabu chake.

Taulo likibanwa hata mara moja, irudishe mashine. Usijadiliane nayo.

Hatua ya 3: Pima paka

Kutoka puani hadi shina la mkia, zidisha kwa moja na nusu. Huo ndio urefu unaopendekezwa wa choo. Fundi ana sentimita 48, kwa hiyo anataka 72, na mapipa mengi hayafiki. Ikiwa hivyo, kipimo cha pili ni kama anaweza kugeuka duara zima bila kugusa kuta mbili kwa pamoja. Asipoweza, atakojoa akiwa nusu nje, na hakuna kihisi kitakachokusaidia. Paka mzee mwenye viungo vinavyouma anahitaji pia mlango wa chini au ngazi.

Hatua ya 4: Soma ukubwa wa droo kwa hesabu zako

Sasa lete daftari la wiki. Kwa kawaida paka hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku na kutoa kinyesi mara moja. Wangu wawili walitoa madonge 5 kwa siku, gramu 60 kila moja kwa wastani, na vinyesi 2 au 3. Hiyo ni kilo 2 na gramu 100 hivi za madonge kwa wiki, mbali na vinyesi. Droo inayodaiwa kukaa siku 14 huwa imehesabiwa kwa paka mmoja, tena mwenye adabu.

Hata hivyo kwa paka wa punje droo hunuka kabla haijajaa. Kwa hiyo usishindane kwenye lita. Tazama jinsi inavyofungwa. Pawe na mpira wa kuziba pande zote, na kifuniko kinachojifunga baada ya donge kuanguka. Makaa ya kunyonya harufu husaidia kidogo, ila hayachukui nafasi ya mpira. Mimi natoa mfuko kila baada ya siku 2 au 3, hata ukiwa nusu.

Kuna sababu nyingine ya kutoacha. Kimelea kiitwacho Toxoplasma, kikiwemo kwenye kinyesi, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla hakijaweza kuambukiza. Kuchota kila siku hukikatiza. Droo ya wiki nzima hukipa muda wote kinaotaka. Paka asiyetoka nje na anayekula punje tu hana nafasi kubwa ya kukipata, lakini mjamzito na mwenye kinga dhaifu asiwe ndiye anayetoa droo, au avae glavu na kunawa.

Hatua ya 5: Mchanga ni nusu ya mashine

Mpaka 1947 watu walitumia majivu na mchanga wa kawaida. Mwaka huo Ed Lowe, wa Michigan nchini Marekani, akampa jirani yake chembe za udongo mkavu badala ya mchanga, na biashara nzima ikazaliwa. Udongo unaofanya donge, bentonaiti, ulikuja baadaye. Ndio unaotumiwa na mapipa na reki karibu zote, na ndio ninaoushauri. Vidonge vya mbao vinaziba chujio. Mchanga wa mimea unafaa kwenye mashine nyingine tu, kwa hiyo linganisha unene wa chembe na matundu ya chujio kabla ya kununua gunia.

Jaribu mchanga kwa glasi. Weka kina cha sentimita 7, mwaga mililita 20 za maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, subiri dakika 10, kisha ulinyanyue donge kwa uma. Likitoka zima, sawa. Likimomonyoka, mchanga huo utavunjika kwenye pipa. Ikiwa hata baada ya dakika 10 bado ni tope, mashine yako iwe na uwezo wa kuchelewesha mzunguko zaidi ya hapo. Usikubali mashine isiyokuruhusu kubadili muda wa kusubiri.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona muuzaji akilitaja. Paka anayeanza kuziba mkojo hutoa matone, na matone hufanya vidonge vidogo kama njegere. Vidonge hivyo hupenya chujio na kurudi kwenye mchanga safi. Yaani dalili unayoihitaji kuliko zote ndiyo mashine inayoshindwa kuikamata. Ukitia mkono kwenye mchanga uliochujwa ukakuta vijidonge vingi, usiulaumu mchanga kwanza. Mtazame paka.

Hatua ya 6: Mashine ikupe macho badala ya yale iliyochukua

Kwa hiyo, kwa nyumba ya punje, sihesabu programu ya simu kuwa anasa. Itoe mambo matatu: idadi ya ziara kwa siku, muda aliokaa ndani, na uzito wa paka. Daftari lako la wiki ndilo msingi wa kulinganishia. Fundi huingia mara 4. Siku moja simu ilinionyesha mara 9 kabla ya adhuhuri, kila mara akikaa muda mrefu kuliko kawaida, na droo ilikuwa na donge moja tu. Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama saa ileile. Alikuwa na uvimbe wa kibofu, mrija haukuwa umeziba bado.

Kabla ya kulipa, uliza: historia inaonekana bure au kwa malipo ya kila mwezi? Intaneti ikikatika mashine inaendelea kufanya kazi? Inatenganisha vipi paka wawili wenye uzito unaokaribiana? (Kwa uzito pekee haiwezi.) Ruta yako inatoa mawimbi ya 2.4 GHz? Nyingi ya mashine hizi hazishiki mawimbi mengine. Umeme ukikatika, pipa linabaki wazi au limegeuka nusu?

Mashine isiyo na programu inaweza kufaa pia, mradi droo iwe rahisi kuchungulia na uwe mtu wa kuchungulia kweli.

Hatua ya 7: Kuileta nyumbani

Choo cha zamani kisiondoke. Kanuni ni choo kimoja kwa kila paka na kimoja cha ziada, na mashine haiibadilishi kanuni hiyo kama wauzaji wanavyopenda kusema. Iweke mashine mbali na bakuli za chakula, bila kuiwasha, ukitia ndani vikombe viwili vitatu vya mchanga uliotumika. Wape siku kadhaa waizoee kama fanicha. Wakianza kuitumia, zungusha kwa kubonyeza wakiwa chumba kingine. Otomatiki ije mwisho. Wengine huzoea kwa siku 3, wengine mwezi. Paka wangu jike, Doa, alikaa juu yake wiki mbili kabla hajakubali kwamba ina mlango.

Kuisafisha: maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, kila mwezi, na vihisi vifutwe vumbi kila wiki kwa kitambaa kikavu. Usitumie dawa ya klorini. Ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayodhuru mapafu, ya kwako na ya paka.

Usinunue sasa hivi kama paka anaharisha, kwa kuwa kinyesi laini kitapakwa kuta zote za pipa, au kama anaendelea na matibabu ya mkojo, kwa kuwa daktari atataka uone kila donge kwa macho. Na kama madonge ya wiki yako yalikuwa machache sana, fedha ya kwanza iende kwenye bakuli za maji za ziada na makopo machache ya chakula chenye maji. Ukianza kumlisha hivyo, pima wiki nyingine upya, maana madonge yatakua na huenda mashine uliyoichagua isiwe ile tena.

Kwangu Jumamosi ni siku ya kuzima otomatiki. Kuanzia asubuhi hadi jioni nachota kwa kikoleo kile cha zamani, napima, naandika kwenye daftari lilelile, kisha nawasha mashine kabla ya kulala.